Foklifti Niliyotumwa Kuikagua Buhembe

Nshamba,
Muleba.
17 Agosti 2025

Mpendwa shemeji Joanitha,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani. Bwana Yesu asifiwe. Afya yako inaendeleaje, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu? Kemilembe na Kamala hawajambo? Nimesikia kwa watu kwamba Kamala amerefuka hadi kunipita, na kwamba anasomea ufundi wa magari huko Songea. Nilifurahi, kisha furaha ikaingiwa na woga. Sababu yake utaisoma huko mbele.

Sisi tu wazima. Mama Klaudia bado anakwenda kanisani kwa miguu, ingawa macho yamefifia na siku hizi ananitambua kwa kikohozi. Mke wangu Edvina anakusalimu sana. Mvua ilikatika mapema na migomba ya upande wa bondeni imedhoofika, lakini kahawa imezaa mpaka ghala la kikundi chetu limejaa na magunia mengine yanalala nje chini ya turubai.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka tisa tumesalimiana kwa kupitia watu. Ningeweza kupiga simu, na mara tatu niliishika, lakini haya hayafai kusikiwa sikioni halafu yakapotea. Nataka uwe nayo mkononi. Keti kwanza, shemeji.

Kwa sababu ya yale magunia, kikundi kiliamua mwezi wa saba kununua foklifti iliyotumika, ili tupange mzigo juu badala ya kuvunja watu viuno. Kwa kuwa mimi ndiye fundi wa mashine ya kukoboa, nilichaguliwa kwenda kuikagua. Sikutaka. Tangu tulipomzika mdogo wangu Onesphory sijawahi kusimama karibu na mashine ya namna ile. Hata cheni ya geti ikianguka, mwili wangu husisimka na huwa nageuka kutazama aliyeumia. Lakini mwenyekiti wetu, mama Adventina, aliolewa huku baada ya msiba wetu, na hakuna aliyewahi kumsimulia. Aliniambia tu, "Fundi, wewe ndiye macho yetu," nami nikaona aibu kukataa.

Tulikwenda wawili, yeye na mimi, siku ya Alhamisi. Yadi yenyewe iko Buhembe, Bukoba mjini, ni ya mtu anayeitwa Najibu, anauza mitambo iliyotumika. Foklifti ilikuwa imeegeshwa peke yake karibu na ukuta, imepigwa rangi ya njano mpya hadi inang'aa. Pembeni yake alikaa mwanamume mwembamba, mvi zimemjaa kidevuni, ambaye Najibu alimtambulisha kuwa ndiye mwendeshaji wake, Ismail. Yule mtu alinisalimu bila kunitazama.

Nilianza kama fundi anavyoanza. Niliweka kiganja kwenye injini kwanza, kuhakikisha haikuwashwa kabla hatujafika, maana injini mbovu ikishapashwa moto huficha ugonjwa wake. Ilikuwa baridi. Nikachungulia chini kutafuta mafuta yanayovuja. Nikatazama matairi, nikapapasa yale meno mawili ya chuma ya kubebea mzigo, pale yanapojikunja, ambapo ufa hupenda kuanzia. Nikatafuta kile kibati chenye namba na uzito unaoruhusiwa. Hakikuwapo. Palibaki matundu manne ya misumari, yamezibwa kwa rangi.

Nilimuuliza Najibu ilikotoka. Alisema aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu.

Kisha nikapanda ili niketi kwenye kiti. Mguu wangu wa kushoto ulikanyaga kidato kidogo cha nondo kilichochomelewa chini ya kile cha kawaida, na shemeji, mwili ulijua kabla ya akili. Foklifti haziji na kidato kama kile. Unakumbuka Onesphory alivyokuwa mfupi wa miguu, na jinsi alivyokuwa akisema mashine za Wazungu zimetengenezwa kwa ajili ya korongo? Ile nondo nilimpelekea mimi mwenyewe kutoka Nshamba, kipande kilichobaki tulipojenga choo cha Mama. Aliichomelea mbele yangu, mshono wake umekwenda upande upande kwa sababu nilimsemesha. Nilishuka, nikapiga magoti, nikakwangua rangi kwa kucha. Mshono ulikuwa ule ule.

Mama Adventina aliniuliza kama nimeona ufa. Nikamjibu bado naangalia.

Sijui kwa nini sikuondoka. Nadhani niliogopa kwamba nikiondoka itabaki inanifuata. Nikapanda tena, nikaketi pale alipokuwa akiketi ndugu yangu, nikawasha. Ile sauti ilikuwa ndiyo sauti iliyokuwa ikisikika nyuma yake kila aliponipigia simu kutoka kazini. Nikaiendesha mbele na nyuma, breki zilishika, usukani ulikuwa na mchezo kidogo. Mara mbili nilihisi kama kuna mtu amesimama upande wa kushoto akingoja nishuke ili apande yeye.

Nikaomba mzigo. Walinipangia mifuko ya saruji juu ya paleti, nikainyanyua hadi kimo cha mtu na nusu, nikazima. Nikachora mstari wa chaki kwenye mlingoti, ile nguzo ya mbele inayobeba meno, kuona kama mzigo utashuka. Mashine isiyo na ubovu hushikilia mzigo pale ulipouacha. Nikamwambia mama Adventina kwamba tutangoja dakika kumi.

Hazikupita hata mbili. Ismail aliinuka, akaenda nyuma ya ukuta, akarudi amekumbatia gogo. Lilikuwa gogo la mkaratusi, limekatwa sawasawa, na ncha yake ya juu imepondeka na kubonyea kwa upana wa yale meno. Alikuja nalo kama mtu anayefanya kazi ya kila siku, akawa anainama kuliingiza chini ya mzigo.

"Nani amekuagiza gogo?" nikamuuliza.

Alisimama. "Bila gogo haikai," alisema.

"Toka hapo chini."

Alitoka. Nikatazama chaki. Mzigo ulikuwa umeshuka upana wa vidole vinne, hakuna aliyegusa kitu. Nikapanda na tochi kutazama cheni za mlingoti. Cheni ya kulia ilikuwa na pingili moja iliyoungwa kwa bolti ya kawaida, kama mtu anavyofunga bawaba ya mlango. Nikashuka, nikamwendea Ismail karibu, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mimi ni Elieza Karugendo. Onesphory alikuwa mdogo wangu."

Aliweka gogo chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Akasema, "Nilikutambua ulipokanyaga nondo. Mnakanyaga sawa."

Shemeji, sasa nakuandikia aliyoniambia, kwa mpangilio alioniambia, sijapunguza wala kuongeza.

Siku ile ghalani, Ismail ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Onesphory alikuwa fundi. Mashine ilikuwa ikijishusha yenyewe tangu wiki mbili nyuma, na Onesphory alisema mara mbili, mbele ya mkubwa wa ghala, kwamba isimamishwe hadi ipate cheni mpya na mipira ya silinda. Aliambiwa lori linangoja. Wakaagizwa kuiwekea gogo kila inapokuwa juu. Siku ile mzigo ukiwa juu ulianza kulala upande, mkubwa akaita gogo, na wengine wakasita. Onesphory alilichukua yeye. Alimwambia Ismail, "Usiguse kitu mpaka nitoke." Ismail hakugusa. Alikuwa ameinua mikono yake yote miwili hewani ili Onesphory aione. Bolti iliyokuwa ikiunga cheni ikakatika.

Halafu, kabla polisi hawajafika, Ismail aliamriwa aliondoe gogo. Alilibeba akaliweka nyuma ya magunia. Aliambiwa aseme kwamba marehemu aliinama kuokota simu yake. Alikuwa na watoto wanne na kazi ilikuwa hiyo moja. Alisema.

Nilimuuliza kwa nini bado anakaa na mashine hiyo. Akasema baada ya tetemeko ghala lilipasuka kuta na kufungwa, mashine ikauzwa, na kila ilipouzwa kwa mtu mwingine yeye aliifuata kuomba kazi ya kuiendesha. "Nikiiacha," alisema, "atakuja mwingine asiyejua kwamba inashuka." Kisha akaongeza kwamba hajawahi kumweleza mnunuzi yeyote. Amekuwa akiiwekea gogo tu.

Mama Adventina alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Najibu akaja mbio na tabasamu lake, akisema kila chombo cha zamani kina upungufu na tutaelewana. Mama Adventina akamwambia, "Hatununui," akanishika mkono kama mtoto anavyoshikwa, tukaondoka.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Unakumbuka siku tulipokwenda kumchukua Onesphory, tukiwa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti. Watu wa kule ghalani waliniletea karatasi ya maelezo, wakasema mkubwa wa familia asaini ili mwili utolewe. Iliandikwa kwamba marehemu aliingia chini ya mzigo kuokota simu, kwa uzembe wake mwenyewe. Ulikuwa umekaa pembeni yangu umejifunika khanga. Ulisema, "Shemeji, simu yake iko nyumbani. Ameiacha kwenye chaji." Nilikusikia, Joanitha. Sitakudanganya kwamba kelele zilikuwa nyingi. Nilikwambia mwanamke mwenye msiba hajui anachokisema, nikasaini.

Niliiona ile simu jioni ile ile, mezani kwenu, waya bado umechomekwa. Nikaichomoa nikaitia mfukoni mwangu, ili nisiione. Uliponiuliza iko wapi, nilikukaripia mbele ya waombolezaji. Ninayo hadi leo, kwenye sanduku langu la spana. Nitaituma kwako, ni yenu.

Nilijiambia nimefanya hivyo ili azikwe upesi, na kwa sababu tulikuwa wanyonge mbele ya watu wale. Yote hayo ni kweli, na hayanisaidii. Kwa saini yangu watu wa Bukoba na Muleba walijua mume wako alikufa kwa ujinga wa simu. Nilimsikia mtu sokoni akimwonya mwanawe kwa mfano wake. Najua Kamala alitaniwa shuleni. Najua ndiyo sababu ulifunga mizigo ukaenda mbali hivyo, nami nikawaambia watu umeikimbia familia.

Jumapili iliyofuata Ismail alikuja Nshamba. Sikumlazimisha, nilimwambia tu njia. Alikaa kwenye jamvi mbele ya Mama Klaudia akasimulia tena yote, mchungaji akiandika, na mwisho akaweka kidole gumba kwenye karatasi. Mama alisikiliza amefumba macho. Aliuliza swali moja tu, kama mwanawe aliita mtu. Ismail akasema hapana, mama, hapakuwa na muda. Mama akapapasa pembeni, akachukua kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni, akamnyooshea. Ismail hakuamini, alinitazama mimi. Mama akamwita kwa heshima kama mtu wa nyumbani, "Chukua, waitu. Umekuja mwenyewe."

Alipoondoka, Mama akaniuliza, "Joanitha anajua?" Nikasema bado. Hajasema nami neno lingine tangu siku hiyo, ila kunitikia salamu. Haki yake.

Nimeandika barua ya kuifuta saini yangu, nikaambatisha maelezo ya Ismail, nikayapeleka kwenye ofisi inayohusika na usalama kazini. Wameyapokea na kupiga muhuri. Wanasema jambo ni la zamani na mke wa marehemu ndiye mwenye kauli. Nimekuwekea nakala humu ndani. Ukitaka tuendelee, niambie, nitasimama popote utakaponiweka. Ukitaka yaishe hapa, ni wewe utakayeamua, mimi nilishaamua vibaya mara moja.

Kuna jambo moja zaidi. Tuliporudi Buhembe na afisa wa ofisi ile, yadi ilikuwa na alama za matairi tu. Najibu alikuwa ameiuza foklifti siku tatu nyuma, akasema hakumbuki kwa nani, mteja alikuja na lori lake. Wala hakumchukua Ismail.

Tangu hapo hatukulala vizuri, mimi wala yeye. Tulizunguka. Ismail alichukua maghala ya Bilele na yale ya kando ya ziwa, mimi nikachukua barabara ya kuja huku. Nilikuwa nasimama kwenye geti la kila ghala kama mwendawazimu, nasikiliza injini. Edvina alidhani nimerukwa na akili, na huenda alikuwa sahihi, kwa sababu nilianza kuisikia hata mahali pasipo na ghala, katikati ya migomba, mchana kweupe.

Jumanne hii tuliipata Muleba, kwenye ghala jipya la saruji. Tulikuwa pamoja. Ismail aliisikia kabla yangu, akaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri. Tulipoingia, mzigo ulikuwa juu, na wapakizi wanapita chini yake wakiwa na mifuko mabegani, wanataniana.

Ismail alitembea hadi mbele ya mashine akainua mikono yake miwili. Mwendeshaji akadhani ni mlevi, akapiga honi. Ismail hakusogea. Akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya ili kila mtu asikie, watu watoke chini ya mzigo. Kulikuwa na kitu katika uso wake, maana walitoka wote, hata aliyekuwa akicheka. Mzigo ukashushwa na kuondolewa. Mwenye ghala akaja akiuliza sisi ni nani tunaosimamisha kazi yake.

Ismail akamjibu, "Mashine hii imeua mtu. Aliitwa Onesphory Karugendo. Alisema isitumike, akalazimishwa. Hakuwa anaokota simu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi pale juu, na mimi ndiye niliyesema uongo."

Aliyasema mbele ya watu wasiopungua ishirini, na baadhi yao, shemeji, walikuwa wamewahi kuisikia ile habari ya simu. Mzee mmoja mpakizi alivua kofia.

Mwenye ghala alikuwa bado haamini. Nikamwomba mwendeshaji anyanyue meno matupu hadi juu, azime, ashuke, atoe ufunguo. Akafanya hivyo. Tukasimama mbali, sote, tukatazama. Hakukuwa na mtu kwenye kiti, injini imezimwa, ghala limenyamaza hata njiwa wa kwenye paa tuliwasikia. Na yale meno yakaanza kushuka yenyewe, polepole, bila sauti, hadi yakagusa sakafu.

Mwenye ghala akauchukua ufunguo, akautia mfukoni, na jana cheni zimefunguliwa mbele ya afisa.

Nimemaliza, shemeji. Sikuombi unisamehe katika barua, kwa sababu mtu huombwa msamaha uso kwa uso. Ukiniruhusu nitapanda basi nije Songea, nikae mbele yako na mbele ya watoto, na Kamala aniulize chochote. Ukiona barua hii inatosha, msomee wewe, ajue baba yake alikuwa fundi wa namna gani.

Mama Klaudia anakusalimu na anamsalimu kila mjukuu kwa jina lake. Edvina anawatumia kahawa kidogo, mtaipokea pamoja na simu. Mama Adventina, ambaye hamjaonana naye, ameniomba nikuandikie kwamba anakuombea. Kaburi limepaliliwa.

Mungu wa wajane na yatima, ambaye hakuna karatasi inayomdanganya, awalinde nyumbani humo, mlango wenu usikose amani.

Ni mimi shemeji yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Elieza Karugendo